Naomba ushauri: ninataka kuacha kazi ya kuajiriwa Mbeya na kufungua ofisi yangu ya uhasibu

Mleta uzi (Mbeya mjini)

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa zangu, na kwa wa rika langu habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Isyesye, na kwa miaka kumi na moja sasa nimeajiriwa katika kitengo cha uhasibu cha kampuni inayosambaza bidhaa za madukani katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Nina shahada ya uhasibu, ila mitihani ya CPA, yaani cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, sijaimaliza. Mshahara wangu unaingia kwa wakati na sina ugomvi na mtu yeyote ofisini. Ninalisema hili mapema ili pasiwepo anayedhani kwamba ninakimbia kero.

Kinachonisukuma ni hamu ya kuwa na mamlaka juu ya muda wangu. Kila mwisho wa mwezi tunafunga hesabu hadi usiku, likizo inategemea msimu wa mauzo, na nikiiwaza miaka ishirini ijayo ninajiona nikiandaa taarifa zilezile, ambazo uamuzi wake hufanywa na watu walioko mbali na wasiolijua soko la Mwanjelwa. Wakati huohuo ninawaona wenye mashine za kukoboa mpunga Igurusi na Ubaruku, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa mjini na wenye malori yanayokwenda Tunduma, ambao wengi wao huweka risiti kwenye mfuko wa rambo na kumtafuta mhasibu siku wanapopokea barua ya TRA. Ninaamini kwamba mtu anayetunziwa vitabu vyake mwaka mzima hulipa kodi iliyo halali na pia huijua faida yake, na kazi hiyo ninaiweza na ninaipenda.

Nimepanga kuacha kazi mwezi Desemba na kukodi chumba maeneo ya Kabwe. Akiba yangu, pamoja na mshahara wa mume wangu ambaye ni mwalimu wa sekondari, inaweza kututunza kwa takribani nusu mwaka. Nina mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, na umebakiza zaidi ya mwaka mmoja. Mume wangu ameniunga mkono. Mama yangu mzazi, aliyeko Tukuyu, hataki hata kulisikia jambo hili.

Ninaomba kujua: je, nikiacha mwenyewe nitapata kiinua mgongo? Michango yangu ya NSSF itakuwaje? Na muhimu kuliko yote, je, biashara ya namna hii inaweza kumlisha mtu katika mikoa yetu hii?

Mwenye mashine (Igurusi)

Dada, mimi ni mmoja wa hao uliowataja, kwa hiyo nitajibu swali lako la mwisho, na nitalijibu nikiwa upande wa mteja.

Wateja wapo. Lakini ukiacha kazi Desemba utakuwa umeanza biashara katika miezi mibaya kuliko yote kwa watu wa Usangu. Kwa kawaida mpunga wetu huvunwa kwa wingi kuanzia Mei hadi Julai, na hapo ndipo fedha inapoonekana. Kuanzia Januari hadi Aprili fedha yetu yote iko shambani, kwenye mbolea, palizi na mikopo tuliyowapa wakulima kwa makubaliano ya kutuletea mpunga mashineni. Sasa tazama kalenda ya kodi unayoijua kuliko mimi: awamu ya kwanza ya kodi ya mapato ya mwaka inatakiwa ifikapo tarehe 31 Machi. Maana yake ni kwamba mwezi ambao nitakuhitaji sana ndio mwezi ambao sitakuwa na cha kukulipa. Nitakuambia usubiri mavuno, na sitakuwa ninakudanganya, lakini watoto wako hawawezi kusubiri mavuno yangu. Hiyo akiba ya nusu mwaka itakwisha wakati mashine yangu ndiyo kwanza inaanza kukoboa mpunga mpya.

Kwa hiyo ninakushauri mambo mawili. Kwanza, mtu wa mpunga usimtoze kila mwezi kama mwenye duka. Andikiana naye mkataba wa mwaka mzima, alipe sehemu kubwa kati ya Juni na Agosti na iliyobaki aimalizie mwishoni mwa mwaka, na wewe uigawe fedha hiyo mwenyewe katika miezi kumi na miwili. Pili, usiwe na wateja wa zao moja. Kahawa ya Mbozi ina miezi yake, mbao za Mafinga zina utaratibu wake, na duka la Mwanjelwa linauza mwaka mzima hata kama mauzo yanapanda na kushuka.

Kuna jambo jingine ambalo wasomi mara nyingi hamlioni. Sisi wafanyabiashara hatumfungulii mtu daftari la mauzo kwa sababu ana shahada. Tunamfungulia kwa sababu tuna hakika kwamba maneno hayatafika kwa jirani mwenye mashine nyingine. Wewe unatoka kwenye kampuni inayowauzia bidhaa wenye maduka. Wapo watakaojiuliza kama bado una mawasiliano na huko ulikotoka, na utapaswa kulijibu swali hilo kabla hawajakuuliza.

Afisa rasilimali watu mstaafu (Iringa, Kihesa)

Mwanangu, maswali yako ya kisheria nitayajibu kwa sababu nimeyashughulikia kwa muda mrefu, na nimeona watu wengi wakiandika barua ya kuacha kazi huku wakihesabu fedha ambazo hawatazipata.

Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka kumi, na hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Anayeacha kwa hiari yake hana haki hiyo kisheria, isipokuwa kama mkataba wake au taratibu za kampuni zimempa zaidi. Kwa hiyo ondoa kiinua mgongo kwenye mahesabu yako hadi uusome mkataba wako wote. Unachostahili bila ubishi ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hujaichukua, na cheti cha utumishi. Hicho cheti kidai. Ukija kuomba zabuni kitakusaidia kuthibitisha uzoefu wako.

Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28. Notisi haitolewi ukiwa likizo wala haiendi sambamba na likizo, kwa hiyo ile desturi ya kuchukua likizo ya mwisho na kutuma barua kutoka nyumbani haikubaliki. Ukikataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi hicho kwenye stahiki zako.

Kuhusu NSSF, fao la kukosa ajira halimhusu mtu aliyeacha kazi mwenyewe. Michango yako haipotei, lakini usiitegemee kama mtaji. Umesema una miaka kumi na moja kazini. Ikiwa mwajiri wako amewasilisha kila mwezi, una miezi 132, na sharti la kupata pensheni ya uzee ni miezi 180. Umebakiza miezi 48. Mtu aliyejiajiri anaruhusiwa kuendelea kuchangia kwa hiari, nami ninakusihi uendelee, maana kuiacha pensheni njiani ukiwa umebakiza miaka minne ni hasara utakayoiona ukiwa mzee. Kabla ya kuandika barua, omba taarifa ya michango yako uone kama kuna miezi iliyorukwa. Ni rahisi kuifuatilia ukiwa bado ndani kuliko ukiwa umetoka.

Mkopo ni jambo zito zaidi ya unavyoliweka. Benki ilikukopesha kwa kuuangalia mshahara, na mshahara ukikoma wana haki ya kukutaka mpange upya, pengine kwa masharti magumu zaidi. Nenda ukazungumze nao wewe kwanza. Ulizia pia bima ya mkopo inahusu nini hasa, kwa kuwa mara nyingi inahusu kifo au ulemavu na haimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Bima ya afya ya familia nayo, kama inapitia kwa mwajiri wako, tafuta mbadala wake kabla haijakatika. Na usiondoke na orodha ya wateja wa kampuni, hata kama uliiandaa kwa mikono yako.

Mkulima wa parachichi (Njombe)

Mimi siungi mkono, mwanangu, angalau kwa sasa. Unataka uhuru na bado una deni, na cheti ambacho kingekupa heshima mbele ya wateja hujakipata. Maliza CPA ukiwa unalipwa mshahara. Mche wa parachichi wa kubebeshwa nao huchukua takribani miaka mitatu kabla ya kuanza kukupa kitu, na wakati huo wote unauhudumia kwa fedha inayotoka kwingine. Mama yako wa Tukuyu naye asichukuliwe kama kikwazo, kwa maana wazazi wetu waliona watu wakipoteza kazi bila kupenda, na ndiyo sababu wanamwogopea mtu anayeiacha kwa kupenda.

Mleta uzi

Shikamoo baba wa Njombe, shikamoo baba wa Iringa, na asante sana kaka wa Igurusi. Suala la Machi limenikosesha usingizi, kwa kuwa ninazijua tarehe za kodi kwa kichwa lakini sikuwahi kuziweka kando ya kalenda ya mpunga.

Kuhusu CPA, nitasema ninachokihisi. Nimejaribu kusoma nikiwa kazini, na kila mara muda wa mitihani ulipokaribia, kazi za ofisini zilinizidi. Huko nako ni kukosa uhuru. Je, nikianza kwa kutunza vitabu na kuandaa ritani za kodi tu, bila kukagua hesabu, nitakuwa ndani ya sheria?

Mhasibu aliyejiajiri (Mafinga)

Dada yangu, njia unayoitaka ndiyo niliyopitia, na ninakuandikia kwa kirefu kwa sababu swali lako ni zuri.

Ukaguzi wa hesabu usiuguse kabisa. Ni kazi ya waliosajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, kwa ajili hiyo. Kuwa mshauri wa kodi, yaani kusimama mbele ya TRA kwa niaba ya mteja, nako kunahitaji usajili wa TRA. Kumtunzia mtu vitabu, kumpangia mishahara ya wafanyakazi wake na kumwandalia takwimu anazowasilisha mwenyewe ni kazi ya daraja jingine, lakini kabla ya kuchapisha kadi nenda NBAA na TRA ukawaeleze kwa maandishi huduma utakazotoa, nao wakujibu kwa maandishi.

Sababu ya kusisitiza hivyo ni VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Mwenye duka husajiliwa VAT mauzo yake yakifikia kiwango kilichowekwa, lakini anayetoa huduma za kitaalamu hutakiwa kusajiliwa bila kujali ukubwa wa mauzo. Ukiingia kwenye kundi hilo, bei yako kwa mteja inaongezeka asilimia 18. Mwenye kampuni iliyosajiliwa VAT hatajali, kwa sababu anairudisha kwenye ritani yake; mwenye mashine ndogo ya kukoboa ataiona kama umempandishia bei. Kwa hiyo swali hilo ndilo linaloamua wateja wako watakuwa akina nani, na halifai kuachwa hadi baada ya kufungua mlango. Kumbuka pia kwamba kampuni zitakazokulipa zitakukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma; dai hati ya zuio kila mara, maana ni fedha yako iliyolipwa mapema.

Sasa kuhusu uhuru wenyewe. Bado ninafanya kazi usiku. Tarehe 7 ya kila mwezi kuna kodi za mishahara za wateja, tarehe 20 kuna VAT, na Juni 30 ritani za mwaka zinakutana na mavuno yako ya mpunga. Nilichokipata ni haki ya kukataa. Mteja mmoja wa mbao alitaka nimtengenezee vitabu viwili, kimoja cha benki na kingine cha TRA, nikamrudishia mafaili yake siku hiyohiyo. Nilipokuwa nimeajiriwa nisingeweza kufanya hivyo bila kuihatarisha kazi yangu. Lakini niliweza kumkataa kwa sababu nilikuwa na wateja wengine wa kutosha, na ningekuwa naye peke yake sijui ningempa jibu gani. Kwa hiyo mimi nisingepima utayari wako kwa ukubwa wa akiba. Ningeuliza kama una mikataba iliyosainiwa inayolipa chakula, ada na rejesho la mkopo hata ukimpoteza mteja wako mkubwa.

Mwenye duka (Mwanjelwa)

Naongezea kidogo. Chumba cha Kabwe kisikuumize kichwa mwaka wa kwanza, kwa kuwa sisi wenye maduka hatuna muda wa kuja ofisini kwako. Njoo dukani jioni tunapofunga hesabu. Kodi ya pango hiyo itumie kununua kompyuta nzuri na programu halali ya uhasibu.

Mleta uzi

Nimekaa na mume wangu tukayasoma majibu yote. Desemba tumeifuta. Mtihani wa CPA wa Novemba nitaufanya, na likizo yangu ya mwaka nimeshaiombea tarehe hizo, kwa kuwa wa Mei utagongana na mavuno. Mpaka Machi nitaongeza rejesho la mkopo, na benki nitakwenda wiki hii pamoja na NSSF kuchukua taarifa ya michango. Barua za kwenda NBAA na TRA nimeshaanza kuziandika. Nikipata mikataba ya kutosha kwa kipimo alichokieleza kaka wa Mafinga, notisi nitaitoa mwanzoni mwa Aprili ili Mei niwe nimetoka. Nisipoipata, nitabaki kazini msimu mmoja zaidi. Mama yangu nitamfuata Tukuyu mwenyewe nimweleze mpango mzima, siyo kwa simu.

Kaka wa Igurusi, je, utakuwa tayari kuuona mkataba wangu wa kwanza?

Mwenye mashine (Igurusi)

Niko tayari, dada. Uandike kwa Kiswahili, uweke kipengele cha siri kwenye ukurasa wa kwanza, na tarehe za malipo ziwe Julai na Novemba. Ulete Aprili kabla ya mavuno, kwa sababu mashine zikishaanza kukoboa usiku na mchana hutanipata nikiwa na utulivu wa kusoma karatasi. Nitamwita na jirani yangu mwenye ghala asikilize.