Mwalimu anataka tumrushe mtoto darasa, nikubali?

MamaJunior2: Habarini wakuu. Mwanangu yuko la pili, shule ya serikali hapa Mwanza. Kusoma anasoma mpaka gazeti la baba yake, hesabu anapiga kichwani wenzake bado wanachora vijiti, sasa akimaliza kazi yake anaanza fujo na kila wiki naitwa shule. Mwalimu wake kasema Januari tumrushe la tatu aende la nne moja kwa moja. Baba mtu anachekelea, mimi roho inasita. Kuna aliyepitia hili?

Kobe_Mwendo: Mimi. Nilitoka la tano nikaenda la saba, enzi hizo. Kufaulu nilifaulu ila bweni zima mi ndo kadogo, ndoo yangu ya maji ilikuwa ya kila mtu isipokuwa mimi 😂 Na kuna mada za hesabu za la sita nimekuja kuzielewa form two.

Ticha_Chaki: Dada mimi nafundisha msingi. La kwanza na la pili kazi kubwa ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. La tatu ndo masomo yanafunguka, sayansi, jiografia, historia, alafu la nne kuna upimaji wa NECTA, baraza la mitihani, kwahiyo huyo mtoto atakuta maswali ya vitu ambavyo hajawahi hata kuvisikia, na akianguka lawama ni zake sio za aliyemrusha. Kujua kusoma sio kujua kila kitu. Alafu umeuliza habari ya namba ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi kwenye mfumo? Ile inamfuata mtoto. Kwenye dawati awe la nne, kwenye mfumo awe la tatu, siku ya usajili mtatafutana.

MamaJunior2: Hata hajaigusia hiyo namba. Sasa ndo abaki kuchora vijiti?

Ticha_Chaki: Hapana. Wa hivyo mimi huwa namtuma la tatu kipindi cha hesabu tu, kengele ikilia anarudi kwa wenzake. Ni walimu wawili kuelewana na mkuu awe na taarifa, basi. Na mpe kazi ya kuwasomea wenzake hadithi, fujo itapungua yenyewe.

bwana_shamba: Afu huyo si wa mtaala mpya? Hao wanaishia la sita, mwaka mmoja serikali ishampunguzia bure, haraka ya nini? Kama ni kichwa kweli, sekondari za vipaji kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe zipo, atazikuta.

Kobe_Mwendo: Ndoo aandike jina kwa rangi ya mafuta lakini.

MamaJunior2: Mrejesho wakuu. Nimeenda shule, wa la tatu kakubali, hesabu tu, kaanza Jumatatu. Baba yake kanuna, lakini jana usiku nimemkuta anafunika daftari jipya la mwanae kwa gazeti lake la juzi.