Nililia sana nikiwa mjamzito, sasa mtoto hatulii. Kuna uhusiano?

MamaWaPili

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mwenye uelewa anisaidie, wenye kejeli wapite kimya kimya.

Mimba ya mtoto wangu wa pili ilikuwa ya machozi. Nikiwa na miezi mitano baba yangu alifariki ghafla, na machozi hayajakauka ndugu wakaanza kugombea nyumba. Nikawa silali, na nikilala naota kesi. Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, uzito mzuri tu.

Sasa ana miaka minne. Ni mwerevu na maneno hayamwishi, ila hatulii. Asubuhi mshono wa soksi ukimgusa kidole, anaivua, anaitupa, na kilio chake hakiishi leo. Mlango ukibamizwa anaziba masikio. Kaka yake hakuwa hivi kabisa.

Juzi wifi yangu kaniambia mbele ya watu, "Si ulimlisha machozi tumboni, ulitegemea nini?" Nilinyamaza, lakini neno limenikaa. Kitaalamu ni kweli? Ubongo wa mwanangu umeharibika kwa sababu yangu?

Msemakweli

Uzushi mtupu dada. Mtoto wa miaka minne asiyetulia ni mtoto wa miaka minne. Achana na wifi.

MkungaMzoefu

Mkuu hapo juu, si uzushi. Ila na wifi naye hajasema kweli. Nieleze taratibu, maana hili swali nakutana nalo wodini mara nyingi, na kwa kawaida mama anauliza kwa sauti ya chini kana kwamba ameiba kitu.

Mama akiwa na msongo, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli. Kotisoli si sumu. Hata kwenye mimba tulivu kabisa hupanda, mwishoni ikawa zaidi ya mara mbili ya kawaida, na mtoto mwenyewe anaihitaji ili mapafu yakomae. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachogeuza sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kuwa kotisoni, ambayo haina makali, kabla haijamfikia mtoto. Tatizo ni kwamba wasiwasi mkali wa muda mrefu unaonekana kukidhoofisha hicho kimeng'enya. Kinachopenya kinaukuta ubongo ungali unajengwa, na sehemu zinazoshughulika na hofu na kumbukumbu zina vipokezi vingi vya homoni hiyo.

Hiyo ndiyo njia. Sasa ukubwa wa athari, na hapa ndipo watu wanapokutisha bure. Uingereza, eneo la Bristol, walifuatilia mimba zaidi ya 14,000 za mwaka 1991 na 1992. Mama waliokuwa na wasiwasi mkubwa kuliko wenzao mwishoni mwa mimba, watoto wao walipofika miaka minne walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuwa na matatizo ya tabia na hisia. "Mara mbili" inatisha ukiisikia. Lakini ilitoka kama watoto 5 kati ya 100 ikafika kama 10. Maana yake, hata katika kundi la waliolia kuliko wote, watoto 90 hivi hawakuwa na tatizo hilo. Mwambie wifi akuonyeshe ametumia kipimo gani kujua wako yuko kwenye wale 10.

Na "umeharibika" lifute. Watafiti wanazungumzia mfumo wa tahadhari uliowekwa juu kidogo: mtoto anashtuka upesi na kutulia kwa shida. Huo si ubongo uliovunjika.

Takwimu_Tupu

Mkunga umeeleza vizuri, ila nina shaka moja. Mama mwenye wasiwasi anampa mtoto jeni zake pia, na anamlea yeye mwenyewe. Tunajuaje kwamba ni mimba iliyofanya hivyo?

MkungaMzoefu

Swali zuri, na wapo waliojaribu kulitenganisha.

Januari 1998 tufani ya barafu iliangusha nguzo za umeme Quebec, Kanada. Watu zaidi ya milioni 3 walikaa gizani katikati ya baridi, wengine zaidi ya mwezi. Barafu haiulizi nani ana wasiwasi wa kuzaliwa nao. Mtafiti Suzanne King na wenzake wakawafuatilia waliokuwa wajawazito wakati ule. Watoto ambao mama zao walipata taabu kubwa zaidi walikuwa, kwa wastani, nyuma ya wenzao katika lugha na uwezo wa kufikiri wakiwa na miaka miwili, na tofauti ilionekana tena walipokuwa na mitano na nusu. Kwa hiyo mimba ina mchango wake.

Lakini kuna utafiti wa Cardiff, Wales, uliotoka 2010, huu naupenda. Waliangalia mimba zilizotungwa maabara, nyingine kwa yai la mama mwenyewe, nyingine kwa yai la mwanamke mwingine. Kama kosa ni la tumbo, uhusiano kati ya msongo wa mama na tabia ya mtoto utaonekana kwa wote. Kwa tabia za ukorofi na kuvunja sheria, ulionekana kwa wote. Kwa kutotulia na kukosa umakini, ulionekana tu pale mama na mtoto walipokuwa damu moja. Yaani kitu kile kile MamaWaPili anachokilalamikia ndicho kinachonuka urithi kuliko vingine.

Kwa hiyo dada, kabla hujajilaumu, muulize mama mkwe mumeo alikuwaje akiwa na miaka minne. Wifi asimulie mambo ya kaka yake kwanza.

MamaWaPili

😂😂 Nimempigia mama mkwe sasa hivi. Anasema alikuwa akimfungia mlango wakati wa kula, la sivyo anakula chakula akiwa juu ya mti. Wifi nitamfikishia salamu.

Sasa kwa huyu wangu nifanye nini?

MkungaMzoefu

Endelea kumpokea anapolia. Sikufariji tu: kuna utafiti wa London uliopima kotisoli kwenye maji ya chupa ya uzazi, kisha watoto wakapimwa wakiwa na miezi 17 hivi. Kotisoli nyingi iliendana na alama za chini za akili, lakini kwa watoto wenye uhusiano salama na mama zao, ile athari haikuonekana.

Soksi mgeuzie, mshono ukae nje. Mpe taarifa kabla ya kubadilisha jambo: "tukimaliza hiki tunatoka." Wakati analia usimhutubie, kaa naye karibu mpaka pumzi ishuke. Na kama mwalimu naye anaona yale yale, mpeleke akaangaliwe ukuaji na masikio. Kwenda mapema hakukugharimu jina zuri.

Bahari_Tulivu

Samahani naingilia uzi. Mimi nina mimba ya miezi minne, mume hapigi ila ananuna wiki nzima na kunisema vibaya. Kazini nako ni mbio tu. Nimesoma hapa nimeogopa.

MkungaMzoefu

Mdogo wangu, za kazini usizihesabu. Mtafiti Janet DiPietro wa Marekani mwaka 2006 alikuta watoto wa mama wenye msongo wa kawaida walikuwa mbele kidogo ya wenzao kimakuzi wakiwa na miaka miwili.

Za nyumbani ndizo zinazonitia mashaka. Mdomo wa mwenzi nao ni msongo, hata bila kofi. Kliniki ijayo omba kuzungumza na muuguzi faragha, wewe peke yako, na uliseme hilo mwanzoni kabla ya vipimo. Omba pia dodoso la Edinburgh, la kupima dalili za sonona. Lina maswali 10, lilitengenezwa 1987 kwa waliojifungua lakini hutumika kwa wajawazito pia. Swali la 10 linauliza kama katika siku saba zilizopita umefikiria kujidhuru. Hilo ulijibu ukweli hata kama mengine umeyapamba, na kama jibu ni ndiyo usisubiri tarehe ya kliniki, nenda leo.