Kokwa za fenesi zilizochachushwa kwa bakteria rafiki: chupa ya pili imeharibika kwa sababu gani?

Binti wa Wete (muulizaji)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, na kwetu msimu wa mafenesi ukiingia hatuna pa kuziweka kokwa, kwani fenesi moja kubwa huweza kutoa kokwa zaidi ya mia. Tumezoea kuzichemsha kwa chumvi au kuzichoma kwenye majivu ya moto, lakini nyingi huishia jaani, jambo linalonisikitisha kila mwaka. Safari hii nimeamua kuzichachusha kwa bakteria rafiki, wale waitwao probiotiki, nikitumai kupata chakula chepesi kwa tumbo na, Mungu akijaalia, unga wa kuuza.

Chupa ya kwanza niliimenyea kokwa, nikazichemsha hadi zikalainika, nikazikata vipande, nikazimiminia maji ya chumvi yaliyokwisha poa na kuongeza vijiko viwili vya maji ya juu ya mtindi niliougandisha mwenyewe. Siku ya tatu yalikuwa yanapanda mapovu madogo madogo, na harufu yake ilikuwa ya ukali wa kupendeza, karibu na ukwaju. Chupa ya pili sikuitia chumvi, kwa kuwa mama yangu ana presha, na mtindi niliotumia ulikuwa wa kununua, ambao pakiti yake ilieleza kuwa umepashwa moto baada ya kuganda. Siku ya pili niliinua kipande kwa kijiko, kikafuatwa na utelezi unaovutika kama wa bamia, na harufu iliyotoka ilinichoma pua mithili ya mkojo uliolala. Niliimwaga yote.

Naomba kuelezwa kosa liko wapi, kama naweza kutumia pia kokwa za embe na mbegu za stafeli, na kama unga wa kokwa hizi utakuwa bado ni probiotiki baada ya kuanikwa juani.

Fundi wa maabara, Mwera

Wa alaykum salaam dada yangu. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yanatoa jibu: chupa ya kwanza ilichacha, na ya pili ilivunda. Kuchemsha huua bakteria wengi lakini hakuui spora, yaani chembe ngumu za kujihami, za bakteria wa jamii ya Bacillus, ambazo hustahimili maji yanayotokota. Mtindi uliopashwa moto haukuwa na bakteria hai wa kuishika chupa, chumvi nayo haikuwepo, na joto letu la nyuzi 28 hadi 32 ni tandiko zuri kwa kila kiumbe. Kwa hiyo Bacillus wakaamka, wakaanza kuvunja protini ya kokwa, na protini ikivunjika kwa namna hiyo hutoa amonia, ndiyo harufu iliyokuchoma pua. Afrika Magharibi wapo watu wanaoitaka hali hiyohiyo: nchini Burkina Faso mbegu za mbuyu huchachushwa na Bacillus kuwa kiungo cha mchuzi kiitwacho maari. Lakini wao wana ujuzi wa vizazi, na wewe ulikuwa unatafuta kitu kingine, kwa hiyo ulifanya vyema kumwaga.

Chupa inayochacha husimamiwa na bakteria wa asidi ya laktiki. Hawa hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi ndiyo inayowafukuza wengine. Hapa kuna jambo ambalo watu hulisahau: bakteria wa mtindi wamezoea sukari ya maziwa, ilhali kokwa la fenesi lina wanga mwingi na sukari chache. Ukiwapa kijiko kimoja cha sukari kwa lita ya maji huanza kazi mapema, na mapema hiyo ndiyo usalama wako. Bora zaidi ni kuwachukua kutoka kwenye nafaka. Togwa ya mtama inayochacha yenyewe mara nyingi huwa na Lactobacillus plantarum, ambaye tangu mwaka 2020 wanasayansi humwita Lactiplantibacillus plantarum, na huyu ni mwenyeji wa mimea tangu asili. Vijiko viwili vya togwa iliyoiva vinatosha.

Chumvi usiiache kabisa. Tia gramu 25 kwa kila kilo moja ya kokwa na maji vikipimwa pamoja, na mama apewe kidogo baada ya vipande kusuuzwa, kwa ushauri wa daktari wake. Nunua pia karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha asidi, ambacho namba yake ikishuka asidi huwa imezidi. Chupa isipofika chini ya 4.6 usiile, kwa sababu juu ya hapo bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao huweza kuua, wanaweza kuota mahali pasipo hewa. Mimi binafsi hupenda kuona 4 au chini yake kabla ya siku ya tatu kwisha. Ngozi nyeupe nyembamba juu ya maji mara nyingi ni hamira ya mwituni na huweza kuondolewa, lakini ukungu wa kijani, mweusi au wa waridi ni wa kumwaga.

Kokwa za embe zinafaa kwa mwenye subira, kwa kuwa zina tanini nyingi, yaani vitu vyenye ukakasi, na hutaka kulowekwa na kubadilishiwa maji mara kadhaa kabla ya kuchemshwa. Mbegu za stafeli na topetope usiziguse. Zina sumu iitwayo anonasini, inayodhuru seli za ubongo, na katika kisiwa cha Guadeloupe watafiti wamehusisha ulaji wa matunda ya jamii hiyo na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa viungo. Sina sababu ya kuamini kwamba kuchachusha kutaiondoa.

Kuhusu unga, FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walitoa maana ya probiotiki mwaka 2001: ni vijidudu hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha humletea mlaji faida ya afya. Maneno mawili, hai na kiasi, ndiyo yanayokubana. Jua hupunguza idadi yao, jiko huwamaliza. Unga wako utabaki kuwa chakula kilichochachushwa, wenye ladha nzuri, lakini usiuandike probiotiki kwenye pakiti mpaka maabara iwatambue na kuwahesabu.

Mama Mkubwa wa Konde

Mwanangu, mimi nitakwambia ya jikoni. Pakaza mafuta ya nazi kisuni na mikononi kabla ya kupasua, la sivyo utomvu utakushinda. Kokwa zikishatoka zioshe upesi, uzianike kivulini mpaka lile ganda jeupe likauke na kulia ukiligusa, hapo litachanika kama karatasi. Ngozi ya hudhurungi iliyo chini yake wengine huiacha. Mimi huikwangua, kwani huacha ukakasi kinywani. Wala usichachushe kokwa mbichi ukidhani bakteria watazipika. Kokwa bichi huleta gesi na maumivu ya tumbo, tumeyaona kwa watoto. Kama unataka utamu badala ya sukari, nadhani ungechanganya chicha la nazi humo humo.

Fundi wa maabara, Mwera

Mama yangu, yote uliyosema juu ya utomvu na ganda ni sahihi, na kuhusu kokwa mbichi sayansi iko upande wako, kwa kuwa zina vizuizi vya usagaji wa protini ambavyo moto huvivunja. Ila kwa heshima kubwa naomba chicha lisiingie. Kisiwani Java watu walikuwa wakivundika chicha la nazi kupata chakula kiitwacho tempe bongkrek, na kila alipoingia bakteria aitwaye Burkholderia gladioli alitoa sumu isiyo na harufu wala ladha, isiyoondoka kwa kupikwa. Wengi walikufa, na mwaka 1988 Indonesia ilikipiga marufuku. Hata jirani zetu wa Msumbiji, huko Chitima mkoani Tete, Januari 2015 walizika watu 75 waliokunywa pombe ya unga wa mahindi, na uchunguzi ukaikuta sumu hiyohiyo. Nazi na mahindi yaliyokaa vibaya si vitu vya kujaribia nyumbani.

Mama Mkubwa wa Konde

Nimekuelewa baba, na nimelifuta. Chicha litabaki kuwa la kuku, nalo likiwa bichi la siku hiyohiyo.

Binti wa Wete (muulizaji)

Ahsanteni sana. Nimeanza chupa ya tatu kwa togwa, kijiko cha sukari na chumvi iliyopimwa kwa mizani ya dukani kwa jirani. Jioni ya siku ya kwanza maji yalikuwa yameanza kuwa meupe meupe kama maji ya mchele, na asubuhi ya leo, ambayo ni siku ya tatu, karatasi imebadilika rangi na kusoma baina ya 3.5 na 4. Kipande nilichoonja kilikuwa kigumu kidogo kuliko kokwa la kuchemsha, chenye uchachu wa embe bichi. Niiweke kwenye friji sasa, au niiache siku moja zaidi?

Fundi wa maabara, Mwera

Iweke sasa, vipande vyote vikiwa vimezama, na kila unapochota tumia kijiko kikavu.