Presha transmita inaruka fani ikiwaka, umeme na instrumenti wanatupiana mpira

Fundi Kilni: Wakuu heshima kwenu, nasimamia mafundi wa umeme na wa instrumenti (vifaa vya kupimia) kiwanda cha saruji. Fani kubwa ya draivu (kifaa cha kurekebisha spidi ya mota) ikiwaka tu presha transmita (kifaa kinachopima presha na kutuma kipimo kontrorumu) inaanza kuruka kipimo, kontrorumu wanapiga redio ooh imekufa. Umeme wanasema instrumenti, instrumenti wanasema umeme, tumefunga transmita mpya bado vilevile, nifanyeje?

Mzee wa Zamu: Mkuu mpya mmeifunga bure hiyo. Angalia kebo ya signo imepita wapi, kama iko trei moja na kebo ya draivu ndo mchawi wako huyo, kelele za umeme za draivu zinaingia kwenye signo. Na shildi (ganda la chuma la kebo ya signo linalozuia kelele hizo) iunge ethi upande mmoja tu, wa paneli.

Binti Saketi: Naongezea, pima lupu (saketi ya mkondo inayobeba signo ya transmita) fani ikiwa imezimwa: kipimo sifuri isome 4 mA, nusu 12, juu kabisa 20, ikitulia hapo transmita nzima. Ila kabla hamjafungua draivu kila fundi apige kufuli lake, na msubiri kapasita zishuke chaji, usiamini taa, pima.

Fundi Kilni: Nimeenda kuchungulia, trei moja kweli dah. Jumapili kilni (tanuri la saruji) inasimama tunahamisha kebo, na hao wa umeme na instrumenti nawapa jobukadi (karatasi ya kazi) moja wasaini wote.