Tupeane uzoefu: Grave of the Fireflies ilikuacha upande wa nani?

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu. Tangu Netflix waiweke Grave of the Fireflies mwaka 2024, kila ninayekutana naye aliyeitazama ananiambia kitu kimoja tu: nimelia sana. Sawa, wote tumelia. Leo naomba tuvuke hapo.

Kwa ambaye hajaiona: ni katuni ya Kijapani ya mwaka 1988, kazi ya Studio Ghibli, mwongozaji Isao Takahata. Ni mwaka 1945, mji wa Kobe unachomwa kwa mabomu ya moto ya ndege za Marekani. Seita ana miaka 14, mdogo wake Setsuko ana miaka 4. Mama anafariki kwa majeraha ya moto, baba yuko vitani na jeshi la majini. Wanapokelewa na shangazi, ndugu wa mbali, wanaishi kwa masimango, mpaka Seita anamchukua mdogo wake wanahamia kwenye handaki kando ya bwawa. Simharibii mtu utamu, maana filamu yenyewe inaanzia mwisho: Seita anakata roho stesheni ya Sannomiya, na ni yeye mwenyewe anayetutajia tarehe aliyokufa, Septemba 21, 1945.

Sasa, lawama uliziweka kwa nani? Shangazi, Seita, au vita? Na ni kitu gani ulichopitia wewe kikakufanya uone hivyo? Mimi niko na watoto na sitoki. Kimono, yaani mavazi ya Kijapani, za marehemu mama yao zilibadilishwa kwa mchele, nyumba nzima ikala, na baada ya siku chache wenye kimono wakawa wananyweshwa uji.

Mdau, Morogoro

Umenigusa penyewe. Nimelelewa kwa baba mdogo baada ya mama kufariki. Sikupigwa wala kutukanwa. Lakini siku za makande, upawa ukija kwenye sahani yangu ulichota juu juu, mahindi na maji. Ukienda kwa watoto wa nyumbani ulizama mpaka chini kwenye maharage. Mtoto haambiwi, anauona upawa tu na anajua yeye ni nani pale ndani.

Ndiyo maana ile sehemu binti wa shangazi na mpangaji wanafungiwa wali wa kwenda nao kazini, halafu Setsuko anaukataa uji, nilisimamisha filamu nikatoka nje kwanza. Seita aliponunua jiko lake wakaanza kupika wenyewe, shangazi akaona ni dharau. Mimi naelewa kabisa kwa nini alilinunua. Unafika mahali bora ule kidogo kilicho chako.

Mdau, Mombasa

Wanangu, mimi ni mtu mzima na nitasema lisilopendeza. Nasimama na yule shangazi. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Seita jembe hakulishika. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi kimeungua, sawa. Baada ya hapo? Binti wa mwenye nyumba anaamka anakwenda kazini, mpangaji anakwenda kazini, kijana wa miaka 14 mwenye nguvu zake kutwa amejilaza, au kampeleka mdogo wake baharini. Chakula ni cha mgao, nchi iko vitani.

Nimelea watoto wa ndugu yangu marehemu pamoja na wangu. Kuna miezi nilikuwa nikihesabu andazi. Mdomo wa yule mama ni mchungu, hilo sikatai, na kumwambia mtoto mdogo kuwa mamake kafa bila ya kumshauri kakake ni kosa kubwa. Lakini hakuwafukuza. Waliondoka wenyewe. Hata yule mkulima alimwambia Seita arudi akaombe radhi, na hakurudi.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ina uzito, na nadhani hata mwongozaji asingeitupa. Takahata alikataa maisha yake yote kwamba hii ni filamu ya kupinga vita. Alisema anaonyesha watoto wawili wanaojitenga na jamii na yanayowapata, na aliwalenga vijana wa wakati wake. Na hakuwa anasimulia asichokijua: Juni 29, 1945 Okayama ilipopigwa mabomu alikuwa na miaka 9, akakimbia usiku na dada yake, miguu mitupu, wazazi hawajui waliko.

Mwandishi wa hadithi yenyewe, Akiyuki Nosaka, ndiyo mzito zaidi. Mdogo wake wa kike alikufa kwa njaa mwaka 1945. Aliandika hadithi hiyo mwaka 1967, na alisema wazi kwamba Seita ni mwema kuliko alivyokuwa yeye, kwa sababu yeye chakula kikipatikana alikuwa akianza kula mwenyewe. Nikijua hilo, siwezi kumwita Seita mvivu. Yule ni kaka ambaye Nosaka alitamani angekuwa.

Mdau, Arusha

Naomba kuongeza onyo kwa wazazi wenzangu. Niliwawekea wanangu nikijua katuni ni katuni. Mdogo aliuliza kama na sisi tukiungua atabaki na nani, na swali hilo lilidumu wiki nzima. Baadaye nikasoma kwamba huko Japani kwenyewe, Aprili 1988, ilitoka sinema moja na My Neighbor Totoro, tiketi moja filamu mbili, kwa hiyo familia zilikwenda kumwona Totoro zikakutana na hili. Jamani, chini ya miaka 12 msiwawekee. Akiwa mkubwa mtazame naye, mzime simu, halafu mzungumze.

Mdau, nilikulia Nyarugusu

Nimesoma michango yote kuhusu kiburi cha Seita na uvivu wake. Wazazi wangu walitoka Kongo, mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Najua mgao ukipunguzwa nyumba inavyobadilika: unga ule ule, sufuria ile ile, ila mama anaanza kusema ameshakula.

Tulipoondokewa na mama, kaka yetu mkubwa alikuwa akitutoa nje kucheza karibu kila siku. Watu wa jirani walimsema: kijana mzima anacheza na watoto badala ya kutafuta kibarua. Nimekuja kumuuliza tukiwa watu wazima. Akaniambia, mkikaa ndani mlikuwa mnauliza mama anarudi lini, na mimi sikuwa na jibu.

Nilipoona Seita anazunguka kwenye chuma cha mazoezi pale uwanja wa shule, anabembea na kurudi huku Setsuko analia amechuchumaa, nilijua yule anafanya nini. Katoka kumwona mama yake kafungwa bendeji mwili mzima, damu imepenya, na hawezi kumwambia mdogo wake. Yale ya baharini, mzee wangu wa Mombasa, ni yale yale. Hiyo nayo ni kazi, ila haina kadi ya mgao.

Mdau, Dodoma

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali. Nilitazama kwa macho ya kazi, na hawa watu walichora wanachokifahamu. Kwanza kuhara, kisha vipele vya mgongoni visivyopona, kisha mtoto anaacha kulia. Ndugu hufurahi mtoto akitulia, wakati sisi hapo ndipo tunapokimbia. Leo tuna mkanda wa kupima mkono, ukisoma nyekundu tunaanza maziwa maalum kidogo kidogo, baadaye chakula dawa. Daktari wa Setsuko alimtazama dakika moja akasema anahitaji lishe, basi, anayefuata. Na Seita akapiga kelele, hiyo lishe aitoe wapi?

Nimekuwa upande ule wa meza. Kumwambia mama ampe mtoto mayai na maziwa huku unaona kanga yake imechakaa ni kitu kinachokurudia usiku. Kwa hiyo lawama zangu nyingi ziko kwa yule daktari, na ninaposema hivyo najijumuisha na mimi na wenzangu.

Mdau, Dar

Itazameni kwa Kijapani na maandishi, msitazame iliyoingizwa sauti za Kiingereza. Sauti ya Setsuko ni ya mtoto mdogo kweli, ndiyo maana "kaka" yake inachoma vile. Na lile kopo la pipi za Sakuma analolipenda Setsuko ni la kweli, kiwanda cha lile kopo jekundu kilifungwa Januari 2023.

Mdau, Mombasa

Mwanangu wa Nyarugusu, nimekusoma mara mbili. Kakako Mungu ampe umri. Kuhusu baharini nimekuelewa. Lakini nina swali ambalo hakuna aliyelijibu: mama yao aliacha yen 7,000 benki. Pesa nyingi wakati ule. Kwa nini kijana asimpelekee shangazi akasema, shika, tulishe?

Mdau, Dar

Mzee wangu, pesa ilikuwepo, cha kununua hakikuwepo. Wakulima walikuwa wanataka nguo na vitu, noti hawana shida nazo, na mgao hupati bila kadi na bila kutambuliwa na mtaa wako. Angalia Seita anakamatwa akiiba mashambani wakati akiba ya benki haijaisha. Vita vilipokwisha akaenda kutoa salio, ndipo akasikia Japani imesalimu amri na manowari zote zimezama. Akarudi na tikiti maji, mtoto ameshaanza kumumunya vidude vya kioo akidhani ni pipi.

Tena mnagombana juu ya shangazi mwenye pishi moja la mchele, wakati filamu inawaonyesha wengine kabisa. Ile nyumba kubwa ng'ambo ya bwawa. Setsuko amekufa, wenye nyumba wanarudi kutoka walikojificha, wamevaa vizuri, wanafungua madirisha, wanaweka santuri na kufurahia mandhari. Handaki liko mbele ya macho yao. Hao mbona hakuna aliyewataja humu?