Thomas Baring (1799–1873): hela ya kununulia picha ilitoka wapi, na picha zenyewe nizifuatilieje?

Msoma_Nyaraka
Wakuu, naandaa makala kuhusu Thomas Baring, mbia wa Baring Brothers ya London na mkusanyaji mkubwa wa picha. Nimekwama pawili. Nyumba yao ya biashara inaitwa benki, lakini haikuishi kwa kupokea akiba za watu wa mtaani. Faida ilitoka wapi hasa? Pili, nikitafuta picha zake naletewa akina Thomas Baring watatu au wanne na miaka haioani. Halafu Evelyn Baring, yule gavana wa Kenya, ni ukoo huohuo?

Karani wa Forodha
Nianze na hela. Walikuwa pia wakiuza hati fungani za serikali, lakini kazi ya kila siku ilikuwa kukopesha jina. Chukua mfanyabiashara wa Boston anayetaka chai ya Canton, China. Zamani ilimbidi apakie melini dola za fedha za Kihispania. Kuanzia miaka ya 1820 na 1830 utaratibu ukabadilika: Barings wanampa barua ya mkopo, na wakala wake akiwa Canton anaandika hawala (hati ya kuagiza malipo) ya, tuseme, pauni 10,000, Barings wailipe miezi 6 baada ya kuonyeshwa. Anaiuza palepale kwa mtu mwenye malipo ya kufanya London, ananunua chai, meli inang'oa nanga.

Hawala ikifika London, Barings wanaipiga saini ya kuikubali. Tangu hapo deni ni lao, na madalali wa City, mtaa wa fedha wa London, wataichukua bila wasiwasi. Riba ya soko ikiwa asilimia 4 kwa mwaka, mwenye nayo akitaka fedha leo anakatwa kama pauni 200. Barings hawajatoa hata senti. Wanachukua kamisheni, kwa mfano asilimia 1, yaani pauni 100, na mteja anatakiwa awaletee fedha kabla ya siku ya malipo.

Hatari iko hapo mwisho. Bei ya bidhaa ikianguka mteja hana cha kuleta, na saini ni ya Barings. Mwaka 1837 nyumba tatu za biashara za London zilizowakopesha Wamarekani kupita kiasi, Wiggin, Wildes na Wilson, zilianguka. Barings walikuwa wameshabana mikopo. Sifa hiyo mpe Joshua Bates, mzaliwa wa Massachusetts aliyeingia ubia 1828 pamoja na Thomas. Waandishi wengi humruka Bates kwa sababu Thomas ndiye aliyekuwa mbunge, na ndiye aliyekataa uwaziri wa fedha 1852 na tena 1858.

Bi Kabati
Kwenye majina, usiende bila miaka. Sir Thomas (1772–1848) ni baba mtu. Huyo ndiye aliyemuuzia mwana wa mfalme wa Uingereza picha 86 za Kiholanzi na Kiflandi mwaka 1814. Ukimwandikia mwanawe mauzo hayo, atakuwa ameuza picha akiwa na miaka 15. Wa kwako hakuoa, na picha zake zilimwendea mpwa wake Thomas George (1826–1904), aliyekuwa Viceroy (mtawala kwa niaba ya Uingereza) wa India na baadaye Earl of Northbrook. Ndiyo maana picha nyingi zimeorodheshwa chini ya Northbrook. Katalogi ya 1889 itakusaidia sana, ila ni ya mali ya mpwa, kwa hiyo usidhani kila kilichomo alikinunua mjomba… samahani, ami yake.

Ununuzi wa kuangalia kwa makini ni wa 1846. Mkusanyaji Verstolk van Soelen wa The Hague alipofariki, Thomas, Humphrey Mildmay na Jones Loyd, ambaye baadaye akawa Lord Overstone, walinunua picha zake za Kiholanzi kwa jumla, wakagawana. Thomas alikuwa amefanya kazi benki ya Hope & Co. ya Amsterdam, kwa hiyo hakuwa mgeni huko. Ukikutana na picha ya Verstolk, hakikisha kwanza ilimwangukia nani kati ya hao watatu.

Gavana ni ukoo mmoja, ndiyo. Baba yake ni Lord Cromer, aliyesimamia Misri kwa niaba ya Uingereza, na Cromer na Thomas ni watoto wa ndugu wawili.

Msoma_Nyaraka
Shukrani sana. Ile picha ya Antonello da Messina iliyokuwa ya Thomas, Mtakatifu Jerome chumbani kwake, mbona nikitafuta kwa jina la mchoraji njia inakatika?

Bi Kabati
Kwa sababu jina lenyewe limebadilika mara nyingi. Mwaka 1529, ikiwa Venice kwa Antonio Pasqualino, wengine walisema ni ya Antonello, wengine Jan van Eyck, wengine Memling. Tafuta kwa mada na kipimo: ubao wa sentimita 45.7 kwa 36.2, Jerome ameketi juu ya jukwaa la mbao, simba kivulini upande wa kulia, kwale na tausi kizingitini. National Gallery ya London waliinunua kutoka kwa Northbrook 1894, namba NG1418. NG1417, Yesu bustanini ya Mantegna, ilitoka kwake mwaka huohuo. Anza na namba hizo, kisha rudi nyuma mmiliki mmoja baada ya mwingine.