Maneno ya kila siku yenye maana kibao, Kiingereza na Kigiriki cha kale: unajuaje ipi ni ipi?

MsomajiWaZamu

Habari wakuu. Nasoma Kigiriki cha kale kwa vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na lugha zote mbili zinanikwamisha mahali pamoja. Maneno magumu hayanipi shida: nafungua kamusi, nakuta maana moja, nasonga mbele. Kinachonitesa ni vijineno vya kila siku. Kwenye Kigiriki ni echō, logos, dikē, archē. Kwenye Kiingereza ni "run", "set", "stop", "quite". Kamusi inanipa safu nzima ya maana na hainiambii nichukue ipi.

Mfano ni sentensi hii ya mazoezi (naiandika kwa herufi za Kilatini): *Ho diōkōn heile ton pheugonta, kai houtos dikēn edōken.* Nikifuata kamusi yangu ndogo napata: "Anayefukuza alimkamata anayekimbia, na huyu akatoa haki." Nimehakiki kila neno, lakini nusu ya pili haileti maana. Je, nikariri maana zote, au kuna njia ya kuzichuja?

MezaYaKamusi

Sarufi yako iko sawa, mkuu. Ambacho hukujua ni kwamba sentensi imetoka mahakamani, na huko Athens maneno hayo manne yote yalikuwa na kazi nyingine. Diōkō, "kufukuza", ni kushtaki. Pheugō, "kukimbia", ni kushtakiwa, kwa hiyo *ho pheugōn* ni mshtakiwa hata kama ameketi kimya mbele ya wazee wa baraza. Haireō, "kukamata", ni kumtia mtu hatiani. Na *dikēn didonai*, ambayo neno kwa neno ni "kutoa dikē", maana yake ni kuadhibiwa, kwa sababu dikē ni haki, ni kesi, na pia ni malipo ambayo mkosaji anadaiwa. Tafsiri yako iwe: "Mshtaki alimtia mshtakiwa hatiani, naye akaadhibiwa."

Angalia upande wa pili wa msemo huo: *dikēn lambanein*, "kupokea dikē", ni kuadhibu. Mwanafunzi anayesoma "kutoa haki" kama kazi ya hakimu huligeuza tukio zima kichwa chini miguu juu, na sarufi haimwonyi, maana sentensi yake bado inasimama. Ndiyo maana kosa hili hudumu.

Toa pheugō hapo mahakamani ulipeleke kwenye historia, linapata maana ya tatu: kuishi uhamishoni. Mwanahistoria Thucydides anasema katika kitabu chake cha 5 kwamba alikaa katika hali hiyo kwa muda wa miaka 20, baada ya kuongoza jeshi huko Amphipolis. Ukitafsiri kwamba "alikimbia miaka 20" umempa mbio ambazo binadamu haziwezi.

Kwa hiyo kabla hujafungua kamusi jiulize: maandishi haya ni ya aina gani? Hotuba ya mahakamani, vita, falsafa, hesabu? Logos kwa mwanahisabati Euclid, kitabu cha 5, ni uwiano wa vipimo viwili vya aina moja. Katika hotuba ni maelezo au hoja, kwa mwanahistoria mara nyingi ni habari au masimulizi, na kwa mtunza fedha ni hesabu. Shina lake, leg-, lilihusu kukusanya na kuhesabu, na ukilishika hilo maana nyingi zinajipanga zenyewe: kuhesabu vitu, kutoa hesabu ya ulichofanya, kueleza, kusema. Kitu ambacho logos ni nadra sana kumaanisha ni neno moja moja la kwenye kamusi. Kwa hilo Wagiriki walikuwa na onoma, rhēma, epos na lexis. Wengi wetu tulilijua kwanza kupitia "Hapo mwanzo kulikuwako Neno", tukaliingiza kila mahali.

KauliYaKati

Naongezea, kwa sababu aina ya maandishi peke yake haitoshi. Kigiriki kinaweka ufunguo kwenye miisho ya maneno, na watu wengi huusoma mwisho kwa ajili ya kupata nafsi na wakati tu.

Anza na hali ya nomino inayofuata kitenzi, yaani mwisho unaoonyesha kazi yake katika sentensi. Hēgeomai ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Likifuatwa na dativu (hali ya anayepewa) ni kumtangulia mtu kumwonyesha njia. Likifuatwa na jenitifu (hali ya kumiliki) ni kuamuru: *hēgeito tou strateumatos*, aliongoza jeshi. Likifuatwa na akuzativu (hali ya kinachotendewa) pamoja na kitenzi-jina ni kuamini: *hēgeito touto dikaion einai*, aliona kwamba jambo hili ni la haki. Huhitaji kubahatisha hata kidogo. Vihusishi navyo ni hivyo hivyo: *meta* na jenitifu ni "pamoja na", na akuzativu ni "baada ya", *dia* na jenitifu ni "kupitia", na akuzativu ni "kwa sababu ya". Ukikariri *meta* kama "pamoja na, baada ya", umekariri nusu isiyosaidia. Kariri kihusishi na hali yake kama kitu kimoja.

Halafu tazama kauli. Sisi tumezoea kwamba kiambishi kinabadilisha kitenzi, kwa hiyo hili lisikutishe. Archō katika kauli ya kutenda, pamoja na jenitifu, kwa kawaida ni kutawala. Archomai katika kauli ya kati (mtenda anaguswa na tendo lake mwenyewe) ni kuanza. Peithō ni kushawishi. Peithomai na dativu ni kutii. Haireō, lile la mahakamani hapo juu, ni kukamata. Haireomai ni kuchagua. Anayesoma shina na kuruka mwisho wa kitenzi ataandika "walimkamata jenerali" mahali ambapo raia walimchagua.

Wakati nao una kazi. Eichon ni "nilikuwa na", lakini eschon, la kitenzi hicho hicho echō, mara nyingi ni "nilipata". Na echō likiwa na kielezi si "kuwa na" tena bali ni kuwa katika hali fulani: *kakōs echei*, hali yake mbaya. Likiwa na kitenzi-jina ni kuweza: *ouk echō legein*, siwezi kusema.

Tahadhari moja tu. Histēmi lina umbo lililopita la "nilisimamisha" (estēsa) na jingine la "nilisimama" (estēn), tofauti ile ile ya -simamisha na -simama. Sasa nafsi ya tatu wingi ya yote mawili ni *estēsan*, herufi kwa herufi. Hapo mwisho wa neno haukusaidii. Tafuta yambwa (kinachotendewa): ikiwepo akuzativu iliyosimamishwa, ni "walisimamisha", isipokuwepo, "walisimama".

MtaaWaPili

Upande wa Kiingereza nichangie, maana huko miisho imepukutika na ufunguo umehamia kwenye mpangilio wa maneno. Kitenzi "run" kilipofanyiwa marekebisho katika kamusi kubwa ya Oxford kilihesabiwa maana 645, kikaipiku "set" iliyokuwa ikiongoza katika toleo la 1989. Hakuna Mwingereza anayezikariri. Anachojua ni nani anafanya na nini kinafanyiwa. Basi la abiria "runs every hour": ni ratiba ya safari. Pua "runs": inatiririka. Mtu "runs a company": anaiendesha. Wazo moja linapita kote, mwendo unaoendelea bila kukwama, na mtenda pamoja na yambwa ndio wanaokata shauri. Mbona sisi tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mswaki na hatupotei? Nomino ndiyo inayoamua.

Vitenzi vyenye kijineno nyuma vina kipimo chao. Linganisha "he ran up a hill" na "he ran up a bill". Weka kiwakilishi mahali pa nomino. Kilima kinatoa "ran up it": "up" ni kihusishi, alipanda mbio. Deni linatoa "ran it up": "up" ni sehemu ya kitenzi, alilimbikiza deni. Kiwakilishi kikiweza kukaa katikati, umeshika kitenzi cha maneno mawili, kakitafute kwenye kamusi kama kitu kizima.

Kinachofuata kitenzi nacho kitazame. "He stopped smoking" aliacha sigara. "He stopped to smoke" alisimama ili avute. Hizo ni habari mbili zinazopingana. "I remember locking the door" nakumbuka kwamba nilifunga. "Remember to lock the door" usisahau kufunga.

Ulitaja "quite". Tazama kivumishi kinachofuata. Kama sifa yake ina viwango, kama "good", basi ni "kiasi, si haba". Kama haina viwango, kama "impossible", ni "kabisa". Wamarekani kwa "quite good" hutilia mkazo zaidi kuliko Waingereza, na hapo ndipo sifa iliyokusudiwa kuwa ya wastani husomwa kama pongezi kubwa. Baya zaidi ni "to table a motion": Uingereza ni kuleta hoja ijadiliwe, Marekani ni kuiweka kando. Ukisoma muhtasari wa kikao, jua kwanza umeandikwa upande gani wa bahari.

Nafasi ya kivumishi pia: "the present members" ni wanachama wa sasa, "the members present" ni waliohudhuria.

PaaNaPaa

Wakuu mmechanganya mambo mawili, ingawa ushauri wenu ni mzuri. Neno moja lenye maana nyingi ni polisemia. Maneno tofauti yaliyogongana kwa umbo ni homonimia. Paa la nyumba na paa wa porini hayana undugu, na ndiyo maana kamusi zetu huyapa vidahizo (maingizo ya kamusi) tofauti vyenye namba. "Bank" ya mto na "bank" ya fedha zimefika kwenye Kiingereza kwa njia tofauti, ya fedha ikipitia benchi la wabadilisha fedha wa Italia. Kwenye Kigiriki trapeza ni meza, kisha meza ya mbadilisha fedha, kisha benki yenyewe: hilo ni neno moja lililokua.

Faida ya kutofautisha ni hii: kwenye polisemia tafuta wazo la kati, litakusaidia. Kwenye homonimia usilitafute, utabuni uhusiano usiokuwepo.

Na kwa Kigiriki, jamani, msidharau alama za mkazo na za pumzi (zinazoonyesha kama neno linaanza na sauti ya h). *Allá* ni "lakini", *álla* ni "mambo mengine". *Tís* ni "nani", *tis* bila mkazo wake ni "mtu fulani". *Nómos* ni sheria au desturi, *nomós* ni malisho au wilaya. *Oros* ni mlima, *horos* ni jiwe la mpaka, na kinachoyatenganisha ni kialama kidogo juu ya herufi ya kwanza. *Bíos* ni maisha, *biós* ni upinde, na mwanafalsafa Heraclitus aliuchezea mgongano huo: jina la upinde ni uhai, kazi yake ni kifo. Kwa herufi za Kilatini ulizotumia bila alama, mkuu, tofauti za mkazo zinafutika. Andika kwa herufi zao.

MsomajiWaZamu

Asanteni sana, nimepata mengi. Ile sentensi sasa imenyooka. Swali la mwisho: kamusi ipi, na niisomeje? Nikifungua logos kwenye ile kubwa ya Kigiriki nakuta sehemu kumi.

MezaYaKamusi

Kosa la kawaida ni kuchukua maana ya kwanza. Kamusi kubwa ya Oxford hupanga maana kwa historia, ya zamani zaidi mbele, kwa hiyo namba 1 inaweza kuwa imekufa karne nyingi zilizopita. Kamusi za wanafunzi wa Kiingereza huanza na maana inayotumika zaidi. Kwa kusoma maandishi ya leo tumia ya wanafunzi. Hiyo kubwa iwe ya maandishi ya kale.

Kwa Kigiriki, ya Liddell na Scott, iliyotoka mara ya kwanza 1843 na kurekebishwa na Jones, toleo la 9 likakamilika 1940, ndiyo yenye utajiri. Isome kwa vifupisho, usianze na tafsiri. "c. gen." ni pamoja na jenitifu, "c. dat." dativu, "c. acc." akuzativu, "c. inf." kitenzi-jina, "Med." kauli ya kati, "abs." bila yambwa. Chukua sentensi yako, tambua kitenzi kiko kauli gani na kinafuatwa na hali gani, kisha telezesha jicho hadi kwenye kifupisho kinacholingana. Safu nzima inabaki mistari mitatu au minne. Baada ya hapo tazama jina la mwandishi lililo kando: kama unasoma mwanahistoria Xenophon na maana ina mfano wa Homer tu, mshairi wa zamani zaidi, endelea kutafuta. Neno xenos ni mgeni au mwenyeji wako katika Homer, lakini kwa Xenophon *xenoi* wengi ni askari mamluki.

Kamusi ya Cambridge ya 2021, juzuu mbili, imepangwa kwa kufuata maana na inaeleza kabla ya kutafsiri. Kwa mwanafunzi ni rahisi zaidi. Kwenye mtandao kuna Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago, inayokuonyesha kamusi kadhaa kwa pamoja, na Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts, ambako unabofya neno ndani ya maandishi. Perseus ikikupa uchanganuzi zaidi ya mmoja, kama kwa *estēsan*, usichukue wa juu bila kutafuta yambwa.

Kwenye daftari lako usiandike "dikē = haki". Andika *dikēn didonai*, *dikēn lambanein*, *dikēn pheugein*, kila msemo na sentensi yake. Huo wa tatu ni kushtakiwa kwenye kesi, na sasa unajua kwa nini.

KauliYaKati

Na ukikutana na *apopheugō* humo humo mahakamani, si "kutoroka". Ni kuachiwa huru.